Jimbo Lisilotoza Kodi na Bili Zake

Kusini kabisa mwa Nashua, jimboni New Hampshire, kuna jengo kubwa la maduka liitwalo Pheasant Lane, lililofunguliwa mwaka 1986. Sehemu ya uwanja wake wa kuegesha magari iko Massachusetts, lakini maduka yote yako New Hampshire. Kona moja ya jengo ilikatwa makusudi ili ukuta usivuke mpaka, maana ukuta ungevuka, mtoza kodi wa Massachusetts naye angekuja kudai chake. Kwa hiyo mteja anaweza kuliacha gari katika jimbo linalotoza kodi ya mauzo ya asilimia 6.25, akatembea hatua chache na kununua televisheni katika jimbo lisilotoza kodi hiyo hata senti moja.

Wakenya wa Lowell wanalijua jengo hilo vizuri. Lowell, mji wa Massachusetts uliojengwa kwa viwanda vya nguo kando ya mto Merrimack, una Wakenya wengi: makanisa yao, maduka yao ya unga na majani ya chai, vyama vyao vya kuzikana. Wengi wanafanya kazi za kulea wazee na wagonjwa. Kutoka hapo hadi mpaka wa New Hampshire ni mwendo mfupi kwa gari, na kila mwisho wa mwezi kuna familia inayovuka kununua friji, viatu vya watoto au kompyuta.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao. Alitoka Nakuru akafikia kwa dada yake Lowell, akapata kazi ya uuguzi msaidizi katika makao ya wazee, zamu za usiku. Hati yake ya kwanza ya mshahara aliisoma mezani jikoni, dada yake akimwonyesha kwa kidole kila kilichokatwa: hiki cha serikali kuu, hiki cha uzeeni, hiki cha jimbo. Cha jimbo kilikuwa zaidi kidogo ya asilimia 5. Tangu mwaka 2020 ni asilimia 5 kamili. Shemeji yake mmoja, aliyekuwa amehamia New Hampshire, alimpigia simu kumpa pole.

“Shemeji, hizo pesa mnazigawa bure,” alisema. “Huku hakuna kodi ya mshahara, hakuna kodi ya dukani. Vukeni mpaka.”

Shemeji hakuwa akidanganya. New Hampshire haitozi kodi ya mshahara wala kodi ya jumla ya mauzo, na hata kodi yake ya riba na gawio la hisa ilifutwa kuanzia Januari 2025. Kwenye vibao vya magari yake imeandikwa kauli ya kuishi huru au kufa, na kwa wanasiasa wa huko uhuru huo unaanzia mfukoni. Tangu miaka ya 1970, anayegombea ugavana anatarajiwa kuapa hadharani kwamba hataleta kodi ya mapato wala ya mauzo. Aliyekipa kiapo hicho nguvu ni Meldrim Thomson, aliyeshinda ugavana mwaka 1972 akiungwa mkono na gazeti kubwa la jimbo, na tangu hapo wachache waliokikataa wamefika mbali.

Hata hivyo familia ya mwandishi ilikaa Lowell kwa miaka kadhaa, na sababu kubwa ilikuwa mtoto. Mwanawe wa kwanza alikuwa na pumu. Usiku wa baridi kali kifua kilibana, na mara nyingi safari ya hospitali ilianza saa nane za usiku. Massachusetts ilikuwa imepitisha sheria yake ya bima ya afya mwaka 2006, ikatiwa saini na gavana Mitt Romney, miaka kadhaa kabla ya sheria ya Rais Obama iliyofuata mfano huo. Jimbo hilo lina sehemu ndogo kuliko majimbo yote ya watu wasio na bima. Kwa mshahara wa muuguzi msaidizi, mtoto aliingia MassHealth, bima ya jimbo kwa wenye kipato kidogo. Pale mapokezi walichohitaji ni kadi. Mashine ya kuvuta mvuke wa dawa ilitolewa ikaenda nyumbani, pamoja na kichupa cha dawa na maelezo ya namna ya kumshika mtoto asiivue barakoa. Bili haikuja.

Mtu aliyekulia Kenya anajua uzito wa sentensi hiyo. Kwao Nakuru, mtoto wa jirani alipolazwa muda mrefu, hospitali haikumwachia mama yake aondoke naye mpaka bili ilipwe. Ukaitishwa mchango. Daftari lilizunguka kanisani na sokoni, majina na kiasi kando yake, na aliyetoa shilingi hamsini aliandikwa chini ya aliyetoa elfu. Harambee ni kitu cha kujivunia, lakini nayo ni kodi. Inatozwa na majirani badala ya serikali, inamwangukia mwenye huruma kuliko mwenye mali, na haina uhakika kwamba itatosha.

Kwa hiyo ile asilimia 5 mwandishi aliiona ikifanya kazi kwa macho yake. Aliiona kadi ikipokelewa. Aliiona pia shuleni, ambako mwanawe alipata mwalimu wa ziada wa Kiingereza bila mzazi kuombwa chochote. Massachusetts ilibadilisha mfumo wake wa kugharimia shule mwaka 1993, fedha nyingi za jimbo zikaanza kwenda kwenye miji maskini kama Lowell na Lawrence, na kwa miaka mingi wanafunzi wa jimbo hilo wamekuwa wa kwanza au karibu na wa kwanza katika mitihani ya kitaifa ya kusoma na hisabati.

Kilichowahamisha ni kodi ya pango. Watoto walikuwa wameongezeka, nyumba za Lowell zilikuwa zimepanda bei, na upande wa pili wa mpaka ilipatikana nyumba ndogo ya mbao yenye uwanja nyuma, katika mji mdogo usio mbali na Nashua. Shemeji alisaidia kubeba makochi.

Mshangao wa kwanza ulikuja na fomu ya mshahara ya mwisho wa mwaka. Mwandishi bado alikuwa akifanya kazi Massachusetts, na Massachusetts hutoza kodi pesa inayochumwa ndani ya mipaka yake, mfanyakazi alale wapi alale. Makumi ya maelfu ya wakazi wa New Hampshire wako katika hali hiyo. Ugomvi huu ulifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani: wakati wa korona Massachusetts iliendelea kuwatoza watu waliokuwa sasa wanafanya kazi sebuleni kwao New Hampshire, New Hampshire ikashtaki mwezi Oktoba 2020, na Juni 2021 mahakama ikakataa kuisikiliza kesi hiyo. Asilimia 5 ikabaki palepale.

Mshangao wa pili ulikuja kwa posta, mwanzoni mwa kiangazi.

Ilikuwa bili ya kodi ya majengo na ardhi, ambayo katika miji mingi ya New Hampshire huja mara mbili kwa mwaka, ya kulipwa Julai na Desemba. Karatasi yenyewe imepangwa vizuri, na kila mpiga kura angefaa kuwa na yake. Juu kuna thamani ya nyumba kama ilivyokadiriwa na mji. Chini yake kuna viwango vinne, kila kimoja kikihesabiwa kwa kila dola 1,000 za thamani hiyo: cha mji, cha kaunti, cha elimu ya jimbo, na cha shule za mji. Hicho cha nne ndicho kilichokuwa kimenona, na peke yake kilizidi vile vitatu vikijumlishwa. Mwandishi alichukua kikokotoo. Jumla ya mwaka ilizidi kwa mbali yote aliyokuwa amewahi kulipa kwa kodi ya mauzo alipokuwa Lowell, viatu, friji na televisheni vikiwa ndani.

Hapo ndipo siri ya jimbo lisilotoza kodi ilipo. Barabara zinahitaji chumvi na malori ya kusukuma theluji hata kama gavana ameapa. Walimu wanahitaji mishahara. Jimbo likikataa kukusanya kutoka kwenye mshahara na dukani, mji utakusanya kutoka kwenye nyumba. Ukila mkahawani au kulala hotelini utalipa asilimia 8.5. Na mwanao akienda chuo kikuu cha umma, utalipa karo ambayo ni miongoni mwa karo za juu kabisa nchini kwa wakazi wa jimbo husika, kwa sababu New Hampshire iko mkiani kabisa kwa fedha ambazo jimbo linatoa kwa kila mwanafunzi wa chuo.

Tofauti ya njia hizi za kukusanya kodi si ndogo. Kodi ya mapato inamfuata mtu alipo: akipungukiwa, nayo inapungua. Kodi ya nyumba haimjui mwenye nyumba. Mwaka ule wa korona, mume wa mwandishi alipunguziwa zamu mpaka akabaki na siku chache kwa wiki. Kodi yao ya mshahara ilishuka mwezi huohuo. Bili ya Desemba ilikuja ikiwa vilevile, na ililipwa kwa akiba iliyokuwa imewekwa kwa nauli ya kwenda kumzika bibi. Wachunguzi wa kodi waliopima jambo hili kitaifa wamekuta kwamba huko New Hampshire wenye kipato kidogo hutoa sehemu kubwa zaidi ya pato lao kuliko matajiri. Mwandishi hakuhitaji uchunguzi kuliamini.

Haki inadai lisemwe na lile jema. New Hampshire ni moja ya majimbo yenye umaskini mdogo kabisa Marekani. Shule za miji yake ya kusini ni nzuri, na watoto wa mwandishi walifundishwa vizuri humo. Mtu mwenye mshahara mkubwa anayefanya kazi humohumo jimboni, akiwa na nyumba ya kawaida, hakika anabakiwa na pesa nyingi zaidi mfukoni. Tatizo ni pale mfumo unapowafikia walio mbali na hali hiyo.

Nenda Claremont, magharibi mwa jimbo, mji ambao viwanda vyake vilifungwa na nyumba zake zina thamani ndogo. Ili ukusanye pesa za kumsomesha mtoto mmoja huko, lazima kiwango cha kodi kiwe juu sana, kwa sababu kila nyumba inaleta kidogo. Kwenye miji ya maziwa na pwani iliyojaa majumba ya mapumziko ya matajiri, kiwango kidogo kabisa kinaleta pesa tele. Matokeo yake ni kwamba mwenye kibanda Claremont hulipa kwa kila dola 1,000 mara kadhaa ya anacholipa mwenye jumba kando ya ziwa, na bado shule ya mtoto wake ina vitabu vichache. Claremont na miji mingine maskini ilikwenda mahakamani. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya jimbo ilisema elimu ni wajibu wa jimbo. Mwaka 1997 ikasema mfumo ule wa kodi unavunja katiba. Jimbo likaanzisha kodi ya elimu ya jimbo zima mwaka 1999, ile inayoonekana kwenye kiwango cha tatu cha bili, lakini mzigo mkubwa ukabaki kwa miji. Julai 2025 mahakama hiyohiyo iliamua tena kwamba kiasi cha msingi ambacho jimbo linatoa kwa kila mwanafunzi, kama dola 4,100 kwa mwaka, hakitoshi, na kwamba kisiwe chini ya dola 7,356. Watoto waliokuwa darasa la kwanza kesi ilipoanza sasa wana watoto wao shuleni.

Jambo lililomfungua mwandishi macho zaidi ni mkutano wa mji. Kila Machi, miji midogo mingi ya New Hampshire huwakutanisha wakazi kwenye ukumbi wa michezo wa shule, wakapitisha bajeti kifungu kwa kifungu kwa kuinua kadi. Ni kama baraza la chifu, ila hapa mwananchi ndiye anayeamua. Mwandishi alipoapishwa kuwa raia, jirani yake, mama mjane aliyestaafu, alimchukua kwenye mkutano wake wa kwanza. Kulikuwa na kahawa, keki zilizookwa na wazazi, na viti vya chuma. Lori jipya la zimamoto lilipita bila maneno mengi. Kisha ikafika bajeti ya shule, iliyoongezwa mishahara ya walimu wawili wa kuwasaidia watoto wanaochelewa kusoma.

Mzee mmoja alisimama, kofia mkononi. Alisema pensheni yake haijaongezwa. “Mnaniambia nyumba yangu imepanda thamani,” alisema. “Siwezi kuila. Mkinipandishia tena, nitaiuza.” Akafuata mama mmoja kijana, akasema mwanawe alifika darasa la tatu hajui kusoma mpaka alipopata mwalimu kama hao wanaojadiliwa. Aliketi akilia. Bajeti ilipita kwa kura chache.

Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na hilo ndilo kosa kubwa la mfumo huo. Unamkutanisha mzee asiye na kitu na mtoto asiyejua kusoma, ukawaambia wagombane, huku mwenye pato la mamilioni akiwa hayumo ukumbini wala kwenye hesabu. Mjane yule aliinua kadi kuiunga mkono bajeti. Njiani kurudi alisema itabidi apunguze mafuta ya kupasha nyumba moto.

Mji wa Croydon, wenye watu wasiofika elfu moja, ulionyesha mwaka 2022 jinsi mambo yanavyoweza kwenda mbali. Kwenye mkutano wa Machi, mkazi mmoja alitoa hoja kwamba bajeti ya shule ikatwe kutoka dola milioni 1.7 hadi dola 800,000. Waliohudhuria walikuwa wachache. Hoja ikapita kwa kura 20 dhidi ya 14. Kwa kuwa Croydon hulipia watoto wake wakubwa wasome miji jirani, wazazi wakajikuta wanakabiliwa na karo ya maelfu ya dola. Wakapita nyumba kwa nyumba, kwa sababu sheria ilitaka zaidi ya nusu ya wapiga kura wahudhurie mkutano maalum ili uamuzi ubatilishwe. Mei 7 walifika, bajeti ikarudishwa kwa kura 377 dhidi ya 2. Watu wa Croydon si wapenda kodi. Walipoona kwa hesabu kamili kile ambacho kodi ilikuwa ikinunua, walichagua kulipa.

Lakini asije mtu akadhani Massachusetts ni pepo. Treni za abiria za eneo la Boston, ambazo upande huo zinaishia Lowell na hazivuki kwenda Nashua wala Manchester, ni za shirika la umma linalopata sehemu ya kodi ya mauzo ya jimbo tangu mwaka 2000. Watu walilipa kila siku dukani. Matengenezo yakaahirishwa mwaka baada ya mwaka. Julai 21, 2022, treni ya mjini ya shirika hilohilo, ya njia ya Orange, iliwaka moto juu ya daraja la mto Mystic. Abiria walitoka kwa kuvunja madirisha, na mwanamke mmoja akaruka mtoni. Mwezi uliofuata njia nzima ilifungwa kwa siku 30 ili irekebishwe. Wauguzi wasaidizi wanaotegemea treni hizo walidamka mapema zaidi kupanda mabasi. Kodi yao haikupunguzwa kwa siku hizo.

Novemba mwaka huohuo, wapiga kura wa Massachusetts waliidhinisha nyongeza ya asilimia 4 kwa pato linalozidi dola milioni moja kwa mwaka, na wakaandika kwenye katiba kwamba fedha hizo ziende kwenye elimu na usafiri. Wapinzani walisema matajiri watahamia New Hampshire. Katika mwaka wa kwanza wa bajeti zilipatikana zaidi ya dola bilioni 2, nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Kutokana nazo, chakula cha shule kimekuwa bure kwa kila mtoto, na vyuo vya jamii vya miaka miwili havitozi karo kwa mkazi asiye na shahada. Dada wa mwandishi, aliyebaki Lowell, amerudi darasani kusomea uuguzi kamili, na wapwa wanakula mchana bila kuulizwa pesa. Upande wa pili wa mpaka, wakati huohuo, mwandishi alikuwa akipokea barua za deni la chakula cha mchana kutoka shuleni, dola chache kila moja.

Juni 2024, vijana wa Kenya walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi na Rais Ruto akatangaza hatautia saini, jamaa wa Lowell na Nashua walikesha kwenye simu. Wengi walitokwa na machozi kwa ajili ya waliouawa. Katika mabishano yaliyofuata nyumbani kwa mwandishi, shemeji alisema Wakenya wamechoka kutozwa, dada akajibu kwamba wamechoka kutozwa bila kuona. Mwandishi anasimama na dada. Mama Nakuru anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima mpya ya afya, kisha akaambiwa hospitalini kwamba mfumo haufanyi kazi na alipe taslimu, anatozwa mara mbili kwa mgonjwa mmoja. Ana kila haki ya kukasirika. Lakini anayemwahidi kwamba atafuta kodi bila kumwambia ni nani atakayemlipa muuguzi, anamtayarishia bili ya tatu.

Shemeji bado anaishi New Hampshire, na sasa hupinga kodi ya majengo kwa sauti ileile aliyoisifia New Hampshire zamani. Yeye na wenzake wengi waliokwisha kuapishwa kuwa raia hawajawahi kukanyaga mkutano wa mji. Croydon iliamuliwa mara ya kwanza na watu 34. Ndugu zetu mlioko miji ile ya mpakani, mkutano unaofuata ni Machi, na unatangazwa mapema kwenye ofisi ya mji pamoja na orodha ya vifungu vyote. Isomeni orodha hiyo, mwende, na mzee mwenye kofia akisimama msimpigie kelele. Mwulizeni mbunge wa jimbo aliyeketi mstari wa mbele kwa nini mzee huyo na mtoto yule wanagharimiwa kutoka mfuko mmoja mdogo.